George Mason, aliyekataa kutia sahihi

George Mason alizaliwa mwaka 1725 katika Virginia, sehemu ya Amerika iliyotawaliwa wakati ule na mfalme wa Uingereza. Alikuwa hajatimiza miaka 10, baba yake akafa maji katika mto Potomac, mashua ilipopinduka. Mama yake akamlea. Mtu mmoja wa jamaa yao, mwanasheria, alikuwa na vitabu vingi, na kijana George akavisoma.

Alipokuwa mtu mzima alijenga nyumba kubwa, jina lake Gunston Hall, akalima tumbako. Mikutano hakuipenda. Miguu yake ilimwuma sana kwa ugonjwa wa jongo, na mwaka 1773 mke wake akafa, akamwachia watoto 9.

Mwaka 1776 watu wa Virginia waliukataa utawala wa mfalme. Wakamwomba Mason aandike haki za watu. Akaandika kwamba watu wote kwa asili yao ni huru. Haki zao hawakupewa na mfalme, wamezaliwa nazo. Utawala hutoka kwa watu, na wenye kutawala ni watumishi wao tu. Asiadhibiwe mtu kwa ukatili. Magazeti yasifungwe kinywa. Majuma machache baadaye Thomas Jefferson aliandika tangazo la uhuru wa Marekani yote, na maneno yake yanafanana sana na yale ya Mason.

Lakini sikilizeni jambo hili. Mashamba ya Virginia yalilimwa na watumwa weusi. Wakubwa wengine waliogopa: kama watu wote ni huru, watumwa je? Basi wakaongeza maneno machache kusudi watumwa wasihesabiwe. Na Mason mwenyewe alikuwa na watumwa wengi.

Vita vikaisha. Mwaka 1787 wajumbe walikutana Philadelphia kutunga katiba, yaani sheria kuu ya nchi isiyo na mfalme. Mason alikwenda, akasema mara nyingi. Aliilaumu vikali biashara ya watumwa. Hata hivyo katiba iliiacha iendelee mpaka mwaka 1808. Tarehe 12 Septemba, kazi ikiwa karibu kwisha, alitaka haki za watu ziandikwe ndani ya katiba. Kazi ya saa chache tu, alisema. Wenzake walikuwa wamechoka, walitaka kurudi kwao. Wakakataa.

Siku 5 baadaye wajumbe 39 walitia sahihi. Watatu waliokuwapo hawakutia: Edmund Randolph, Elbridge Gerry na Mason. Serikali yenye nguvu nyingi namna ile, aliona Mason, itawaonea watu kama hakuna maandiko ya kuizuia. Kukataa kule kulimgharimu. George Washington, jirani yake na rafiki wa miaka mingi, akawa baridi kwake.

Hata hivyo watu wengi katika nchi walidai jambo lile lile. Mwaka 1789 James Madison, ambaye kwanza hakuona haja yake, alilipeleka mbele ya baraza la nchi, na mwezi wa Desemba 1791 vifungu 10 vya haki vikaongezwa katika katiba. Vingi vinafanana na maandiko ya Mason ya mwaka 1776.

Mason alikufa nyumbani kwake tarehe 7 Oktoba 1792. Watumwa wake hakuwapa uhuru. Waligawanywa kwa watoto wake pamoja na mali nyingine. Utumwa ulikomeshwa katika Marekani yote mwaka 1865, baada ya vita vya miaka 4.