Luigi Broglio, Mhandisi Aliyeleta Roketi Malindi

Profesa Luigi Broglio, mhandisi wa anga wa Italia, alizaliwa mwaka 1911. Kwa kuwa roketi inayorushwa kuelekea mashariki karibu na Ikweta husukumwa pia na mzunguko wa Dunia, alianzisha jukwaa la San Marco baharini, karibu na Malindi, Kenya, katika latitudo inayokaribiana na ya Shinyanga.

Tarehe 12 Desemba, 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, jukwaa hilo lilirusha setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru. Setilaiti hiyo ilichunguza anga kwa miale ya eksirei na kubaini gesi yenye joto kali katika makundi ya galaksi. Uvutano unaoizuia gesi hiyo isitawanyike ni miongoni mwa ushahidi wa maada isiyoonekana.

Broglio alifariki dunia mwaka 2001. Kituo cha Malindi kimepewa jina lake.