Marehemu C. M. G. Argwings-Kodhek, Wakili wa Wasio na Msemaji

Baada ya kuwasomea wanachama hesabu za fedha na taarifa za kamati, tumeona vyema kurasa hizi za mwisho ziwe za maisha ya mtu mmoja aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, ili wazee wakumbuke na vijana wajifunze. Mwaka huu tumemchagua marehemu Bwana C. M. G. Argwings-Kodhek, ambaye huhesabiwa kuwa Mwafrika wa kwanza wa Kenya aliyefungua ofisi yake mwenyewe ya uwakili. Hakuwa mtu wa Pwani. Alizaliwa Gem katika nchi ya Nyanza, mbali sana na Malindi na Kilifi. Hata hivyo tunaamini kwamba hakuna mahali pengine katika Kenya panapostahili kuyafahamu maisha yake kuliko huku kwetu, nasi tutaieleza sababu kabla ya kuanza hadithi yenyewe.

Kila mzee anayesoma kitabu hiki anajua namna ardhi ya Pwani ilivyoandikwa. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitoa Sheria ya Hati za Ardhi kwa ukanda wa maili 10 uliohesabiwa kuwa wa Sultani wa Unguja. Kila mwenye dai aliambiwa alilete mbele ya afisa aliyewekwa, kwa maandishi na ushahidi, apewe hati. Ardhi ambayo haikudaiwa, au ambayo dai lake halikukubaliwa, ikawa mali ya Serikali. Waliokuwa na karatasi na watu wa kuwasemea walipata hati. Wengi wa wazee wetu wa Mijikenda, waliolima kwa mila na kuonyesha mpaka kwa mkorosho au mwembe, hawakuwa na karatasi wala msemaji. Hivyo watu wengi wakajikuta wapangaji juu ya udongo waliouzika wafu wao, na jina la maskwota likawashika watoto na wajukuu wao mpaka leo.

Tena tukumbuke kwamba mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola walikamatwa wakapelekwa uhamishoni Kisii, kwa kuwa walikataa Wagiriama wasichukuliwe kwenda kufanya kazi za kulazimishwa. Mwaka uliofuata walitoroka wakarudi nyumbani kwa miguu. Walikuwa na ushujaa na walikuwa na watu nyuma yao. Walichokosa ni mtu wa kusimama mbele ya wenye mamlaka, akiwa na kitabu cha sheria mkononi, awaulize wakubwa wale wametumia kifungu gani. Mtu wa namna hiyo hakuwapo katika Waafrika wa Kenya kwa karibu miaka 40 baadaye.

Basi mtu huyo ndiye tunayemtaja. Alizaliwa mwaka 1923, akasoma katika shule za misheni ya Kikatoliki, kisha akaingia Makerere huko Uganda na kuwa mwalimu. Alifundisha kwa miaka kadhaa. Mwaka 1947 alipata nafasi ya kwenda Uingereza kusoma katika Chuo Kikuu cha Wales, na somo aliloandikiwa lilikuwa elimu ya jamii. Sheria halikuwa somo ambalo wakubwa wa makoloni walipenda Mwafrika alisome. Makerere hawakulifundisha, na ni mwaka 1961 tu ndipo kitivo cha sheria kilipofunguliwa Dar es Salaam kwa ajili ya vijana wa Afrika Mashariki. Wakubwa waliona kwamba mwalimu atafundisha na mganga atatibu, bali mwanasheria atauliza maswali. Kijana yule alipofika ng'ambo aliliacha somo aliloandikiwa, akashika sheria bila ridhaa ya waliompeleka. Mwaka 1951 alikubaliwa kuwa wakili katika Lincoln's Inn, London. Huko huko alioa mke wa Kiayalandi, ndoa ambayo haikuwapendeza wengi katika Nairobi ya siku zile, mji uliokuwa umegawanya mitaa yake kwa rangi za watu.

Aliporudi Kenya mwaka 1952 aliitwa kufanya kazi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kazi ilikuwa ya heshima, lakini mshahara aliowekewa ulikuwa theluthi moja tu ya mshahara wa Mzungu mwenye elimu na kazi ileile. Mtu mwingine angalisema kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa, akakaa. Yeye aliona kwamba akiukubali mshahara ule, atakuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba Mwafrika ni theluthi ya mtu. Alikataa, akafungua ofisi yake Nairobi, akategemea wateja wake na Mungu wake.

Haukupita muda ila Hali ya Hatari ikatangazwa, tarehe 20 Oktoba 1952. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa. Sheria mpya zilitungwa upesi upesi, na makosa ya kunyongwa yakawa mengi: kulisha kiapo, kufuatana na watu wenye silaha, hata kukutwa na risasi moja bila ruhusa. Mwaka 1953 ziliwekwa mahakama maalumu ili kesi ziende mbio. Ule uchunguzi wa kwanza, ambao mshtakiwa husikia ushahidi wote kabla ya kesi yenyewe kuanza, uliondolewa. Jaji alikaa pamoja na wazee wa baraza, lakini hakufungwa na maoni yao. Kabla ya mambo hayo kwisha, zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamenyongwa. Hiyo ni hesabu ambayo haikupata kufikiwa katika vita vingine vya namna hiyo vya makoloni ya Mwingereza baada ya mwaka 1945.

Katika mahakama hizo ndimo Bwana Argwings-Kodhek alimoingia. Kwa mshtakiwa maskini wa kosa la kunyongwa serikali iliweka wakili na kumlipa ujira mdogo, na mawakili wengi hawakuipenda kazi ile. Wachache walioipokea, Wahindi kwa wingi, walitazamwa kwa jicho baya na masetla. Yeye alikuwa Mwafrika, na lawama yake ikawa mara mbili. Magazeti na watu wa baraza walimpachika jina la wakili wa Mau Mau, wakidhani wamemtukana. Ni vyema wasomaji wetu waelewe kazi yenyewe ilikuwa nini, kwa maana wengi hudhani wakili ni mtu wa kumficha mwenye kosa. Kazi ya wakili ilikuwa kuuliza: Mtu huyu alikamatwa wapi na saa ngapi? Aliyemtambua alimwona kwa mwanga gani? Maneno haya yanayoitwa ya kukiri aliyasema mbele ya nani, na alama hizi mwilini mwake zimetoka wapi? Mkalimani amefasiri sawasawa? Swali moja kama hilo, likiulizwa kwa wakati wake, liliweza kuwa tofauti kati ya mtu kurudi kwa watoto wake na kutorudi kabisa. Mshtakiwa asiyejua Kiingereza wala utaratibu wa mahakama hangaliweza kuliuliza mwenyewe.

Kutoka mahakamani alivutwa katika siasa, na tunaona kwamba njia hizo mbili zilikuwa moja kwake. Wakili aweza kumtetea mtu kwa sheria iliyopo, lakini sheria ikiwa yenyewe ni mbovu hana budi kwenda mahali inapotungwa. Chama cha K.A.U. kilikuwa kimepigwa marufuku mwaka 1953. Mwaka 1955 serikali iliruhusu vyama vya Waafrika tena, ila vya wilaya peke yake, ili Mpwani asikae kikao kimoja na mtu wa Nyanza. Bwana Argwings-Kodhek alijaribu kuanzisha chama cha nchi nzima. Serikali ilikataa kukiandikisha mpaka kiwe cha Nairobi tu, na hivyo mwaka 1956 kikazaliwa Nairobi District African Congress.

Mwezi wa Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, viti 8 kwa nchi yote. Huku Pwani mwalimu kutoka Ugiriama, marehemu Ronald Ngala, aliyakabili majimbo yetu na kushinda. Nairobi Bwana Argwings-Kodhek alisimama akashindana na Tom Mboya, kijana wa vyama vya wafanyakazi aliyekuwa ametoka Oxford muda si mrefu. Kura zenyewe hazikuwa za kila mtu. Zilihesabiwa kwa elimu, mapato, mali na utumishi, na mtu mmoja aliweza kuwa na kura moja, mbili au tatu. Zaidi ya hayo, Wakikuyu, Waembu na Wameru hawakuruhusiwa kupiga kura ila wawe na cheti cha utiifu kwa serikali. Hebu tulitafakari jambo hilo. Watu ambao wakili huyu aliwasemea, na ndugu zao, ndio waliofungiwa mlango siku ya kura. Mtu aliyekesha akitetea roho zao hakuweza kupata shukrani yao kisandukuni. Alishindwa kwa tofauti isiyofika kura 400.

Hatusemi kwamba Tom Mboya hakustahili. Alikuwa mpangaji hodari kuliko wote wa wakati wake, na wafanyakazi wa Nairobi walikuwa na haki ya kumpenda. Lakini twamsifu aliyeshindwa kwa namna alivyoendelea. Wapo watu ambao wakishindwa kiti huwachukia majirani zao na kuvunja chama. Chama chake kilififia kweli, vijana wakamfuata mshindi, naye akapita miaka kadhaa nje ya Baraza. Aliistahimili. Mwezi wa Mei 1963 watu wa Gem walimchagua kuwa Mbunge wao kwa tiketi ya KANU, miaka 6 baada ya kushindwa kule Nairobi, na mwezi wa Desemba mwaka huohuo akaiona bendera ya uhuru ikipanda.

Katika serikali ya Mzee Jomo Kenyatta alipanda ngazi hatua kwa hatua. Mwaka 1966, Jaramogi Oginga Odinga alipotoka KANU na kuunda K.P.U., watu wengi wa Nyanza walimfuata. Bwana Argwings-Kodhek alibaki KANU, jambo ambalo baadhi ya watu wake hawakulipenda. Kama alikosea au alipatia, wazee wa Nyanza wanajua kuliko sisi. Twaona tu kwamba desturi yake ilikuwa ileile ya siku alipoukataa mshahara wa theluthi: kufanya aliloliamini akiwa peke yake. Mwishowe akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje.

Akiwa na cheo hicho alifariki Nairobi tarehe 29 Januari 1969, katika ajali ya gari kwenye barabara ya Hurlingham. Alikuwa na miaka 45 au 46. Maneno mengi yalisemwa juu ya kifo hicho, na wapo waliokataa kuamini kwamba ilikuwa ajali tupu. Mwaka ule ulikuwa wa huzuni, maana tarehe 5 Julai Tom Mboya naye aliuawa kwa bastola mjini Nairobi. Hivyo wale wawili walioshindana mwaka 1957 walikwenda mwaka mmoja. Barabara alimofia Bwana Argwings-Kodhek hubeba jina lake leo, na maelfu hupita humo kila siku wakienda hospitali na kazini.

Yatufaa nini sisi wa Malindi na Kilifi? Kwanza, kwamba mlango aliousukuma uko wazi, nasi tusisimame nje. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, yampa mshtakiwa haki ya wakili, na Serikali yapasa kumpa ikiwa bila wakili haki itapotea. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliweka utaratibu wa kuwasaidia wasio na fedha, hata katika mashauri ya ardhi. Malindi kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mwanachama atakayeletewa barua ya kuhama asitie kidole gumba katika karatasi asiyoielewa, wala asiuze kwa hofu. Na ailete barua ofisini kabla siku zilizotajwa hazijapita, kwa sababu haki nyingi zimepotea kwa kuchelewa kuliko kwa kukosekana.

Pili, kamati ya elimu ikumbuke kwamba kijana mmoja wa Gem alisaidiwa kusoma, na maelfu wakapata wa kuwasemea. Binti au mvulana wa Ganze, Magarini au Kaloleni anayetaka kusoma sheria asiambiwe kwamba hiyo ni elimu ya wakubwa.

Tatu, tusipime utumishi wa mtu kwa kiti alichopata. Wazee wetu walisema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Marehemu huyu alichumia juani, na kivuli hakukikalia siku nyingi. Tulio chini yake sasa ni sisi. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema.