Dian Fossey, Mtafiti wa Gorila wa Virunga

Dian Fossey alizaliwa tarehe 16 Januari 1932 mjini San Francisco, Marekani. Tangu utotoni alipenda wanyama, hasa farasi, na alipoingia chuo kikuu alichagua masomo ambayo yangemwandaa kuwa daktari wa wanyama. Kemia na fizikia zikamshinda. Wengi wanaotamani kazi ya wanyama hukwama katika mlango huohuo, nao hudhani kwamba nyumba haina mlango mwingine. Fossey alihamia chuo kingine, akasomea namna ya kuwasaidia wagonjwa kujifunza upya shughuli za kila siku, akahitimu mwaka 1954, kisha akaajiriwa katika hospitali ya watoto wenye ulemavu mjini Louisville. Mtoto mwenye hofu hakaribiwi kwa pupa. Subira aliyojizoeza huko ndiyo, kwa maoni yangu, iliyomfaa baadaye kuliko kemia aliyoikosa.

Mwaka 1963 alikopa fedha benki ili aizuru Afrika. Huko Olduvai, Tanganyika, alikutana na Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, akateleza na kuumia kifundo cha mguu. Hata hivyo, majuma mawili baadaye aliupanda Mlima Mikeno, Kongo, akawaona gorila wa milimani kwa mara ya kwanza. Mwaka 1966 Leakey alipofika Louisville alimwomba arudi kuwachunguza, ila alimshauri aondolewe kwanza kidole tumbo, kwa kuwa kule milimani hakuna hospitali. Fossey alifanyiwa upasuaji. Ndipo ilipomfikia barua ya Leakey iliyoeleza kwamba jambo hilo halikuwa la lazima. Alitaka tu kuupima uthabiti wake.

Mapema mwaka 1967 alipiga hema Kabara, upande wa Kongo. Mzungu mwenzake aliyemsaidia kujenga kambi alipoondoka, Fossey alibaki na wenyeji ambao lugha pekee ya kuwasiliana nao ilikuwa Kiswahili, nacho alikuwa akijifunza bado. Mfanyakazi mmoja alimjia akamuuliza kama angependa maji moto. Yeye, kwa woga, alisahau kila neno alilojifunza, akadhani anatishwa, akalia na kujifungia hemani. Baada ya saa moja hivi alitoka akaomba aulizwe tena polepole, akaelewa. Mwanachuo atakayefundisha wageni Kiswahili asilicheke tukio hili haraka: msamiati alikuwa nao, kilichokosekana ni utulivu wa kuusikia.

Mwezi wa Julai mwaka huohuo, kwa sababu ya uasi nchini Kongo, askari walimteremsha mlimani na kumzuilia. Alitoroka kupitia Uganda, na tarehe 24 Septemba 1967 akaanzisha kambi mpya nchini Rwanda, kati ya milima ya Karisimbi na Bisoke. Kambi aliiita Karisoke, jina lililopatikana kwa uhulutishaji wa majina hayo mawili.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutambaa katika matope na upupu, nyuma ya wafuatiliaji waliozisoma nyayo na majani yaliyovunjika. Gorila walimkimbia. Mwanzoni aliiga hata kujipigapiga kifua, mpaka alipotambua kuwa kitendo hicho kilikuwa ishara ya tahadhari. Akaacha, akajikuna, akatafuna majani waliyoyala, akaiga mngurumo wao wa kuridhika. Mwaka 1970 dume mmoja, aliyeitwa Peanuts, alimgusa mkono. Fossey aliwatambua gorila kwa mikunjo ya pua zao na kumpa kila mmoja jina. Wako wanasayansi waliodhani kumpa mnyama jina ni kulegeza sayansi. Sisi tunaosema gorila huyu na gorila hawa, kwa upatanisho uleule wa watu, hatuna haja ya kushangaa.

Tarehe 31 Desemba 1977 wawindaji haramu walimuua Digit, dume aliyempenda kuliko wote, alipokuwa akiilinda familia yake isipate madhara. Walimkata kichwa na mikono. Tangu hapo Fossey, aliyekwisha kupata shahada ya uzamivu Cambridge au aliyekuwa karibu nayo, aliandika kidogo na kupigana zaidi. Aliongoza doria za kung'oa mitego, akakamata ng'ombe walioingizwa hifadhini, akawatisha watu kwa vinyago. Majirani wa msitu, waliohitaji malisho na nyama, hakuwasubiri kama alivyowasubiri gorila, na hilo lilimjengea uadui. Aliupinga pia utalii, nao leo ndio unaoigharimia sehemu kubwa ya ulinzi wa wanyama hao. Katika hili alikosea. Bila doria zake, hata hivyo, huenda watalii wasingekuta kitu: hesabu ya mwaka 1981 iliwapata gorila wapatao 250 tu katika Virunga, na ile ya 2015 hadi 2016 iliwapata 604.

Kitabu chake kuhusu gorila kilitoka mwaka 1983. Mwishoni mwa Desemba 1985 alikutwa ameuawa kwa panga ndani ya nyumba yake Karisoke, akazikwa hapohapo, karibu na Digit. Kabla ya kufa alikuwa ameomba apatikane daktari wa kuwatibu gorila waliojeruhiwa na mitego. Daktari huyo alifika Rwanda mwaka 1986.