Andrew Foster (1925–1987): Mwalimu wa Viziwi Afrika

Mtahiniwa, likumbuke jina hili unapojibu swali la haki za viziwi. Foster alizaliwa Alabama, Marekani. Akiwa na miaka 11, homa ya uti wa mgongo ilimwacha kiziwi. Chuo cha Gallaudet kilimkataa mara kadhaa kwa sababu ya rangi yake. Hakukata tamaa, mwaka 1954 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya kwanza chuoni hapo. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi Accra, Ghana. Hadi alipofariki kwa ajali ya ndege nchini Rwanda, alikuwa ameanzisha shule 31 katika nchi 13 za Afrika.

Zingatia: Foster aliwaandaa viziwi wenyewe kuwa walimu. Bila elimu, haki ya kazi hubaki maandishi tu. Hapa Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu waliohitimu, wasiopungua asilimia 3. Je, kijana kiziwi wa Mkunya asiyesoma ataipataje nafasi hiyo? Jenga hoja yako hapo.