Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyefumbua fumbo la saratani ya watoto

SARATANI inayovimbisha mataya ya watoto barani Afrika ingali inaitwa kwa jina la Denis Burkitt, daktari aliyeichunguza kwa gari kuukuu, kamera na subira.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 mjini Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho la kulia katika ajali. Alianza kusomea uhandisi Chuo cha Trinity, Dublin, kisha akahamia udaktari. Mnamo 1946 alitumwa Uganda kuwa daktari mpasuaji.

Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, Dkt Hugh Trowell alimwonyesha mtoto aliyevimba mataya pande zote. Wiki chache baadaye, Burkitt alimwona mwingine mwenye uvimbe kama huo mjini Jinja. Akang'amua kwamba hiyo haikuwa sadfa. Wakati huo wagonjwa hao walifariki katika muda wa miezi michache, na kisu cha mpasuaji hakikufua dafu.

Kwa kuwa kuuliza si ujinga, alisambaza picha na maswali kwa mamia ya hospitali za serikali na za misheni. Mnamo Oktoba 1961, pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, alifunga safari ya kilomita 16,000 kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi. Gharama yake haikutimia pauni 700. Walibaini kuwa maradhi hayo yalienea katika maeneo yenye joto na mvua, na kuadimika kwenye nyanda za juu zenye baridi.

Mapema mwaka huo, mtafiti Anthony Epstein alikuwa amehudhuria mhadhara wa Burkitt jijini London. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa huko kwa ndege, na mnamo 1964 Epstein na wenzake wakagundua virusi ndani yake. Hivyo vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Leo inafahamika kwamba malaria nayo huchangia.

Mulago haikuwa na mashine ya kutibu kwa miale. Burkitt alijaribu dawa kwa msaada wa watafiti wa Marekani, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Mnamo 1967, mwaka mmoja baada yake kuondoka Uganda, kituo cha matibabu na utafiti kilifunguliwa Mulago kwa ufadhili wa Marekani, kikawa chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Burkitt alifariki Uingereza Machi 23, 1993, akiwa na umri wa miaka 82. Maradhi aliyoyafichua ni miongoni mwa saratani zinazotibika kwa urahisi zaidi, mradi mtoto afikishwe hospitalini mapema na amalize dozi. Wanaozidi kufa hawauawi na ukosefu wa maarifa, bali kuchelewa na ufukara.