Jamaa Aliyegeuza Wadudu Wafu Kuwa Mastaa wa Filamu

Hebu skia hii. Mzee fulani ana mpango wa kando, dem anayedansi klabu. Amemnyang'anya jamaa mwingine, kumbe huyo jamaa ni mtu wa kamera. Anawafuata hadi hotelini, anawarekodi kupitia tundu la kufuli. Mke naye si malaika, nyumbani ako na msanii wake. Baadaye mzee anampeleka mkewe sinema, na hapo kwa skrini ni nani? Ni yeye mwenyewe na dansa wake! Vita vinaanza, mashine ya sinema inashika moto, bwana na bibi wanaishia ndani.

Hiyo filamu ni ya 1912. Na hao wote ni wadudu. Tena wadudu waliodedi: mzee ni mbawakawa, dansa ni kerengende, mwenye kamera ni panzi.

Aliyeitengeneza ni Ladislas Starevich. Alizaliwa Moscow 1882, wazazi wakiwa Wapoland, na mamake alifariki yeye akiwa bado mtoto, akalelewa Kaunas, mji ulio Lithuania siku hizi. Mnamo 1910 alitaka kurekodi mbawakawa wale wenye pembe kubwa wakipigana. Shida ni kwamba hao hutoka usiku, na akiwasha taa wanaganda tu. Wewe ungeachana nao. Yeye alichukua waliokufa, akang'oa miguu na pembe, akazirudisha kwa nta na waya. Kisha: songesha mguu kidogo, piga picha. Songesha tena, piga picha. Jaribu na simu yako na kijiko cha jikoni uone kama utamaliza hata sekunde tano. Kuna watu walioamini kabisa kwamba amefunza wadudu hai!

Mapinduzi ya 1917 yakamng'oa Urusi. Akatua Ufaransa, akafanya kazi nyumbani Fontenay-sous-Bois, karibu na Paris. Mkewe Anna alishona nguo za vikaragosi, binti yake Irène akawa mkono wake wa kulia.

Kama una dakika 26 tu za kumpa, mpe Fétiche ya 1933. Msichana mgonjwa anatamani chungwa na mamake hana doo. Mama anashona mbwa wa kitambaa, chozi lake linaangukia ndani ya mbwa na kuwa moyo. Mbwa anapelekwa kuuzwa, anahepa, anapata chungwa, lakini usiku unamkuta mitaani. Na usiku huo Shetani ana pati! Takataka za mji zinaamka: mifupa ya samaki, mifupa ya kuku, zote zinasakata densi. Utacheka, halafu utajipata umevuta miguu juu ya kiti.

Lakini kuna kazi moja iliyomtesa. Filamu yake ndefu ya mbweha, Le Roman de Renard, ilimchukua miezi 18 kusongesha vikaragosi, 1929 hadi 1930. Sauti ikaleta shida, filamu ikakwama miaka. Ilikuja kutoka Berlin 1937, kwa pesa za Wajerumani. Wafaransa waliiskia kwa lugha yao 1941. Manze, miaka kumi na zaidi!

Starevich alifariki Februari 1965, akiwa na miaka 82. Alikuwa bado anasongesha vikaragosi, safari hii filamu ya mbwa na paka. Haikuisha.