Mtakatifu Jeanne Jugan: dada wa kazi aliyempa bibi kipofu kitanda chake



Kuna mtakatifu ambaye wengi wetu tunapita siku yake, tarehe 30 Agosti, bila hata kujua kama ipo. Hakuwa msomi, hakuuawa kwa ajili ya imani, hakutokewa na Bikira Maria. Alikuwa dada wa kazi. Anaitwa Jeanne Jugan, na shirika alilolianzisha, Masista Wadogo wa Maskini, lina nyumba hata hapa kwetu Afrika Mashariki. Ukifika Kasarani, Nairobi, ukauliza Nyumba ya Wazee, ndo wao.

Nimemchagua kwa sababu ya ubishi ambao hauishi vijiweni kwetu. Eti makao ya wazee ni mambo ya wazungu, Mwafrika hampeleki mama yake kwenye kituo. Sawa. Lakini bibi asiyejaliwa mtoto? Au yule ambaye watoto wametangulia mbele za haki, au wapo mjini na simu hawapokei? Maisha ya Jeanne yanaanzia kwenye swali hilohilo, ila ni pwani ya Ufaransa, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita.

Alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1792 Cancale, kijiji cha wavuvi katika mkoa wa Bretagne. Baba yake alikuwa mvuvi. Jeanne alipokuwa na miaka mitatu na kitu, baba alikwenda baharini na hakurudi tena. Mama akabaki na watoto na vibarua. Ilikuwa ni wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, nyumba za watawa zinafungwa, mali ya Kanisa inataifishwa, mapadre wanajificha. Hili tulishike, maana ndilo lililoleta matatizo ya baadaye: mahali pengi palipokuwa pakipokea maskini na wazee palikufa au pakayumba, na serikali mpya haikuwa na kitu cha kutosha cha kuweka badala yake.

Akiwa na miaka kama 16 alikwenda kufanya kazi jikoni kwa mama mmoja wa ukoo wa kitajiri. Mama huyu hakumwacha jikoni tu, alikuwa akienda naye kutembelea wagonjwa na maskini. Kijana mmoja, baharia, aliomba kumuoa. Jeanne akakataa. Alimweleza mama yake kwamba Mungu anamtaka kwa kazi fulani ambayo bado haijulikani. Hebu fikiria, msichana maskini wa kijijini anakataa ndoa kwa ajili ya kazi ambayo hata yeye haijui! Sisi wa seminari tuna ratiba, tuna walezi, tuna kengele ya kutuamsha asubuhi. Yeye hakuwa na chochote cha namna hiyo.

Alipofika miaka 25 aliondoka Cancale akaenda Saint-Servan, mji wa jirani. Alifanya kazi hospitalini miaka sita, mpaka nguvu zikaisha. Kisha akamhudumia mama mmoja mseja, Mademoiselle Lecoq, kwa miaka 12. Walikaa kama ndugu, wakifundisha watoto katekisimu na kuhudumia maskini, mpaka mama huyo alipofariki mwaka 1835. Baada ya hapo Jeanne akapanga vyumba pamoja na bibi mmoja aliyeitwa Françoise Aubert, na baadaye akaongezeka binti yatima, Virginie Trédaniel. Jeanne alikuwa akitoka kufanya usafi na kufua kwenye nyumba za watu, jioni anarudi. Maisha ya kawaida kabisa, wala hakuna mtu angeyaandika.

Sasa tunafika mwaka 1839, kipindi cha baridi. Jeanne ana miaka 47, umri ambao wengi wanaanza kufikiria kupumzika. Anakutana na bibi mmoja, Anne Chauvin, kipofu, nusu ya mwili imepooza, hana wa kumwangalia. Anambeba, anampandisha ngazi, anamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe. Yeye anahamia darini, chini ya paa. Ndiyo hivyo tu. Hakukuwa na mradi, katiba wala wafadhili. Muda si mrefu akaja bibi wa pili. Mwaka 1841 ilibidi wahamie kwenye nyumba iliyokuwa kilabu cha pombe, wakafika wazee 12. Mwaka uliofuata wakapata jengo kubwa lililowahi kuwa nyumba ya watawa.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana wengi wakisimulia habari zake wanakimbilia miujiza ya mkate na pesa. Mimi kinachonishika ni jinsi nyumba yenyewe ilivyoendeshwa. Wengi wa wale mabibi walikuwa wamezoea kuzunguka mitaani kuomba. Kuomba ndiko kulikowalisha, lakini pia kulikuwa kunawaaibisha, na wengine walirudi jioni wamelewa. Jeanne akawaambia wabaki nyumbani, ataenda kuomba yeye badala yao. Akamuuliza kila mmoja ni nyumba zipi alikuwa akipewa chochote, kisha akachukua kapu na kupita nyumba hizohizo, akieleza kwamba bibi fulani hataweza kuja tena, amekuja yeye kwa niaba yake. Yaani hakufuta uhusiano wa bibi na watu waliokuwa wakimjua. Alichokiondoa ni ile aibu, na aliibeba yeye. Na kule nyumbani mabibi hawakukaa tu wakisubiri kifo. Waliokuwa na nguvu walisokota nyuzi na kuchambua sufu, kikapatikana kidogo cha kuchangia.

Katika falsafa tulisoma kwa Kant kwamba kuna vitu vyenye bei na kuna chenye hadhi, na mtu ni mwenye hadhi, habadilishwi na kingine. Tulibishana darasani mpaka kengele ikagonga. Jeanne, ambaye shule yake ilikuwa ndogo sana, alilifahamu jambo hilo kwa njia ya mgongo wake.

Inasimuliwa kwamba siku moja mtu mmoja alichoka kuombwa akampiga kofi. Jeanne akamshukuru kwa upole, akasema hilo ni lake, sasa anaomba kitu kwa ajili ya wazee wake. Yule bwana akatoa.

Ila kofi kubwa zaidi lilitoka ndani ya Kanisa, na sitalizunguka. Paroko msaidizi wa pale, padre Auguste Le Pailleur, alikuwa mlezi wa kikundi tangu mwanzo. Mwezi Desemba 1843 masista walimchagua tena Jeanne kuwa mama mkuu. Wiki mbili baadaye padre akafuta uchaguzi huo kwa uamuzi wake, akamweka Marie Jamet, msichana wa miaka 23. Jeanne akatumwa kuendelea kuomba. Akaenda. Mwaka 1845 Akademia ya Ufaransa ikamtunuku tuzo ya Montyon, faranga 3,000, kwa kazi aliyoifanya Saint-Servan, na hotuba iliyosomwa siku ile akaibeba kwenye safari zake ili watu wamwamini. Nyumba zikafunguliwa Rennes, Dinan, Tours, Angers, na kapu lake lilihusika.

Mwaka 1852 padre akamwita arudi nyumba mama. Asitoke tena kuomba, asiwe na kazi yoyote ya uongozi. Alikuwa na miaka 59. Mwaka 1856 akahamia pamoja na wanovisi kule La Tour Saint-Joseph, akakaa hapo mpaka kufa. Jumla ni miaka 27. Wakati huo wanovisi walikuwa wanafundishwa kwamba mwanzilishi ni padre Le Pailleur, na kwamba Jeanne alikuwa sista wa tatu kujiunga. Wasichana walimfahamu kama bibi tu, Sista Marie de la Croix, anayetembea na fimbo bustanini, anayewakumbusha kuwapenda wazee.

Tunaojiandaa kuwa mapadre tusipite hapa haraka. Kilichofanyika ni wizi, na aliyekifanya alikuwa padre. Utii wa Jeanne haukugeuza uongo ule kuwa kweli. Najua kuna wanaopenda kumtumia kama mfano wa kuwaambia masista wanyamaze wanapoonewa, mimi simsomi hivyo. Kwa sababu mwaka 1865, shirika lilipokuwa linajiuliza kama lipokee mapato ya kudumu, walimwita atoe maoni, na hakunyamaza. Alisema wakatae, waendelee kumtegemea Mungu na watu. Wakamfuata, na barua ya uamuzi ule ina saini yake. Kumbe sauti alikuwa nayo. Aliitumia kwa ajili ya wazee, kwa cheo chake mwenyewe hakuitumia.

Na jambo lingine: yule aliyefungua nyumba kwa wazee wasio na kazi tena, mwishowe akawa yeye ndiye mzee asiye na kazi, ndani ya nyumba ya shirika lake mwenyewe. Alionja pande zote mbili. Macho yalikuwa karibu kupofuka, kama ya Anne Chauvin. Aliendelea kusali, kucheka na wanovisi, kula kilicholetwa mezani.

Alifariki tarehe 29 Agosti 1879, akiwa na miaka 86. Miezi michache kabla yake, Papa Leo XIII alikuwa ameidhinisha katiba ya shirika. Masista walikuwa wameshafika kama 2,400, na nyumba 177.

Mwaka 1890 Roma ilimwita Le Pailleur, akavuliwa madaraka, akamalizia siku zake hukohuko kwenye nyumba ya watawa. Marie Jamet alipokaribia kufa mwaka 1893 alikiri kwamba si yeye wa kwanza, ni Jeanne. Mwaka 1902 historia ya kweli ikaanza kuchapishwa, na karne moja na zaidi baadaye, tarehe 11 Oktoba 2009, Papa Benedikto XVI akamtangaza mtakatifu. Ila ushahidi ulikuwapo muda wote. Watu wa Saint-Servan, meya wao akiwa kati yao, walipomwombea ile tuzo walitia saini maelezo yanayosema wazi ni nani aliyempokea yule bibi kipofu. Karatasi hiyo ilikuwa Paris, ambako mkono wa padre haukufika.